Kutafuta Rekodi ya Kifo cha Babu au Bibi: Uanzie RITA, Parokiani au Mahakamani?

Majina ya wazee wa ukoo mtu anaweza kuyakusanya kwa jioni moja, mradi ampate shangazi mwenye kumbukumbu nzuri. Vifo ndivyo vinavyosumbua. Babu alifariki lini? "Mwaka ule wa mvua nyingi." Alizikwa wapi? Mmoja anasema Korogwe, mwingine anashikilia kuwa alifia Muheza akaletwa nyumbani. Aliacha watoto wangapi? Hapo sauti hushuka, kwa sababu kuna mke wa pili ambaye hatajwi sana. Na pasipo kujua habari za kifo, nasaba haikamiliki: hujui nani alirithi shamba, kwa nini wajomba walihama, wala kama huyo babu anayesimuliwa ni mtu mmoja au ni wawili wenye jina moja.

Ushauri unaotolewa haraka ni "nenda RITA", yaani wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo Tanzania Bara. Kwa baadhi ya watu ni ushauri sahihi. Kwa wengi wanaotafuta wazee waliofariki kabla ya miaka ya 1980, hasa vijijini, ni kupoteza nauli. Kabla hujachagua mlango wa kubisha, jiulize swali moja: kifo hiki, wakati ule, nani alikuwa na haja ya kukiandika? Serikali iliandika ili itoe kibali cha mazishi na cheti. Padre aliandika kwa ajili ya roho ya marehemu. Hakimu aliandika kwa sababu ya mali. Mwajiri aliandika kwa sababu ya mafao, jeshi kwa sababu ya orodha yake. Kila mmoja aliandika kile alichokihitaji yeye, na mengine akayaacha. Ukijua babu yako alikuwa mtu wa nani, utajua karatasi yake iko wapi.

Nitalinganisha zaidi milango mitatu mikubwa ya Tanzania Bara, kisha nitagusa Zanzibar, vita, makaburi na Kenya kwa wale ambao ukoo wao umevuka mpaka.

Ofisi ya msajili: nzuri kwa waliofia mjini na kwa miaka ya karibuni

Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, ulianza kazi mwaka 2006, lakini shughuli ya kusajili vifo ni ya zamani zaidi. Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 108, chimbuko lake ni sheria ya kikoloni ya mwaka 1920. Sheria ile iliwabana kwanza wasio Waafrika. Mwafrika hakulazimishwa kusajili kwa miongo mingi, na ulazima ulienezwa wilaya kwa wilaya. Kwa hiyo ukimtafuta mkulima aliyefariki Mbulu mwaka 1948 ukamkosa, hilo halisemi lolote juu ya mwaka aliofariki. Linasema tu kwamba hakuna aliyetakiwa kumwandika.

Mahali ambapo ofisi hii ina nguvu ni kwa waliofia hospitalini, waliofia mijini, watumishi wa serikali, na jamii za Waasia na Wazungu wa enzi ya ukoloni. Kwa hao, cheti kitakupa jina, umri, tarehe na mahali pa kifo, na sababu ya kifo. Hiyo sababu ya kifo ni ya thamani, maana vyanzo vingine huwa haviisemi. Ila usitegemee kupata majina ya watoto humo. Kwa mjenga nasaba, cheti kinafunga maisha ya mtu mmoja, lakini hakikuonyeshi njia ya kwenda kwa mwingine.

Kuna mtego ambao nimeona watu wengi wakinaswa nao. Sheria inataka kifo kisajiliwe ndani ya siku 30. Katika hali halisi, familia nyingi husajili pale wanapohitaji cheti: benki imegoma kutoa fedha, mahakama inadai kiambatanisho, mafao yamekwama. Inaweza kuwa miaka kumi na tano baada ya mazishi. Mpwa anakwenda na barua ya mtendaji na kutaja tarehe anayoikumbuka, na tarehe hiyo inapigwa mhuri. Kwa hiyo ukishika cheti, soma tarehe mbili: ya kifo na ya kusajiliwa. Zikikaribiana, iamini tarehe ya kifo. Zikipishana kwa miaka, unachokisoma ni kumbukumbu ya mpwa yule, na unapaswa kuipima kama unavyopima maneno ya shangazi.

Mtego wa pili ni wa mahali. Kifo husajiliwa kilipotokea, hata kama mazishi yalifanyika kwingine. Mzee wa Rungwe aliyefia Muhimbili ataandikwa Dar es Salaam, hata kama kaburi lake liko Tukuyu na kila mtu kijijini aliubeba msiba ule. Wilayani, msajili ni Katibu Tawala wa Wilaya, kwa hiyo unabisha kwenye ofisi ya mkuu wa wilaya. Na uulize pia wilaya hiyo wakati ule ilikuwa sehemu ya ipi. Ludewa na Makete zilitoka Njombe. Mambo ya zamani ya huko yafuate Njombe kabla hujakata tamaa. Siku hizi upo mfumo wa eRITA wa kuomba huduma kwa mtandao, na kwa cheti cha mtu aliyekwisha kusajiliwa unakuokolea safari. Kwa kifo ambacho hujui kama kilisajiliwa, bado ni kazi ya kumwomba karani apekue, na karani hupekua vizuri akipewa jina, tarehe ya karibu na wilaya.

Kitabu cha parokia: kinarudi nyuma zaidi, na kinazungumza na vitabu vingine

Kama ukoo wako uliguswa na misheni mapema, anza hapa. Shirika la Roho Mtakatifu lilifungua misheni Bagamoyo mwaka 1868. Wamisionari wa Afrika, wale walioitwa Mapadre Weupe, walifika Tabora na Ujiji mwishoni mwa miaka ya 1870, wakaenda Bukumbi na Karema. Wabenediktini wakaingia Peramiho mwaka 1898 na Ndanda mwaka 1906. Wamoravian walianza Rungwe mwaka 1891, na Walutheri wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893. Sehemu hizo zote kulikuwa na mtu aliyeshika kalamu na kuandika jina la Mwafrika wa kawaida, mwanamume kwa mwanamke, wakati serikali haikuwa na habari naye.

Sheria ya Kanisa Katoliki inaitaka kila parokia iwe na vitabu vya ubatizo, ndoa na waliofariki. Ni kanuni ya 535, na ya 1182 inadai mazishi yaandikwe. Vitabu vya zamani viko kwa Kilatini, lakini usiogope. Maneno ni yale yale ukurasa hadi ukurasa. Mstari wa kawaida huenda hivi: *Die 14 Martii 1931 obiit Ioannes, maritus Mariae, sacramentis munitus, sepultus in coemeterio missionis.* Tarehe 14 Machi 1931 alifariki Yohane, mume wa Maria, amepewa sakramenti, akazikwa kwenye makaburi ya misheni. Ukijua kwamba *obiit* ni alifariki, *sepultus* au *sepulta* ni alizikwa, *filius* na *filia* ni mwana na binti, *uxor* ni mke na *vidua* ni mjane, umeshapata funguo karibu zote. Majina ya ubatizo nayo hugeuka: Aloisi atakuwa Aloysius, Ludoviko atakuwa Ludovicus. Jina la nyumbani, lile la ukoo, mara nyingi limeandikwa pembeni kwa jinsi sikio la Mfaransa au Mjerumani lilivyolisikia. Lisome kwa sauti, usilisome kwa macho tu. Chagga huandikwa Dschagga, Mwanza huandikwa Muansa; jina la babu yako nalo limepitia mkono huo huo.

Faida kubwa ya parokia ni kwamba vitabu vyake vinafuatana. Kwenye kitabu cha waliofariki unapata jina la mke. Jina hilo unalipeleka kwenye kitabu cha ndoa, nacho kinakupa wazazi. Wazazi unawapeleka kwenye ubatizo. Parokia nyingine zilikuwa na kitabu cha familia, *status animarum*, chenye kaya nzima ukurasa mmoja, na aliyefariki amewekewa msalaba mdogo mbele ya jina. Ukikutana na ukurasa wa namna hiyo umeokoa miezi ya kuuliza uliza.

Sasa udhaifu wake, maana upo. Kati ya vitabu vile vitatu, cha waliofariki ndicho kilichoshikwa kwa ulegevu zaidi. Mtu aliyefia kigango cha mbali alizikwa na katekista, na habari ilimfikia paroko kwa kuchelewa au haikumfikia. Mzee mwenye wake wawili hakuzikwa na kanisa, kwa hiyo hayumo. Hata hivyo, kwa mzee wa namna hiyo kuna mahali ambapo wengi hawapaangalii: kitabu cha ubatizo, mwaka ule ule unaodhani alifariki. Wazee wengi walikataa ubatizo maisha yao yote kwa ajili ya wake zao, kisha wakabatizwa mahututi kitandani. Wameandikwa *in periculo mortis*, katika hatari ya kufa, na umri wa kukadiria wa miaka sabini. Tarehe hiyo ya ubatizo iko siku chache tu kabla ya kaburi.

Jambo jingine ni parokia mama. Parokia unayoijua leo inaweza kuwa imezaliwa miaka ya 1970, na vitabu vya kabla ya hapo viko ilikokatwa. Kwa Wakatoliki wa upande ule wa Kilimanjaro, kwa mfano, mambo ya mwanzo kabisa yanarudi Kilema. Ukifika ofisini kwa paroko usifike Jumapili baada ya misa ukitegemea kufunguliwa kabati. Andika barua, taja jina, mwaka wa kukadiria, kigango, na namba ya kitabu cha ubatizo kama ipo kwenye kadi ya zamani ya mtu yeyote wa familia hiyo. Paroko hana wajibu wa kukupekulia. Anayekwenda kwa adabu na habari kamili husaidiwa.

Kwa Walutheri, Waanglikana na Wamoravian mambo yanafanana, ila vitabu vilishikwa kwa Kijerumani, Kiingereza au Kiswahili, na viko usharikani au makao ya dayosisi na jimbo. Na ikiwa kitabu cha huku kimeliwa na mchwa, kumbuka kwamba wamisionari walikuwa wakituma taarifa kwao. Nyaraka za Leipzig ziko Halle, za Wamoravian Herrnhut, za Roho Mtakatifu Chevilly-Larue nchini Ufaransa, za Mapadre Weupe Roma, na za misheni mbili za Waanglikana, za UMCA Oxford na za CMS Birmingham. Humo utakuta shajara za misheni: nani kafa kwa ndui wiki hii, mtoto gani aliyekombolewa utumwani kazikwa jana. Kwa kizazi cha watumwa waliokombolewa wa Bagamoyo, Mkunazini ya Unguja au Freretown ya Mombasa, hiyo shajara inaweza kuwa maandishi pekee yaliyobaki ya mtu aliyefika bila jina la baba.

Jalada la mirathi: kifo kimoja, ukoo mzima

Kama ningeruhusiwa kuchagua karatasi moja tu kwa kila marehemu, nisingechagua cheti cha kifo wala mstari wa parokia. Ningechagua jalada la mirathi.

Fikiria lina nini ndani. Kuna maombi ya msimamizi yanayotaja jina la marehemu, siku aliyofariki na makazi yake ya mwisho. Kuna orodha ya warithi: wajane, watoto wa kila mjane, umri wao na mahali walipo. Kuna orodha ya mali, na hapo utakuta shamba la migomba lenye mipaka iliyotajwa kwa majina ya majirani, nyumba ya udongo ya vyumba vinne, ng'ombe, baiskeli, cherehani. Na kuna muhtasari wa kikao cha ukoo. Huo muhtasari ndio dhahabu: karatasi ya daftari la mistari, imeandikwa kwa mkono na katibu aliyechaguliwa papo hapo, inaanza na "Waliohudhuria", kila jina na uhusiano wake na marehemu, "kaka wa marehemu", "mtoto wa dada wa marehemu", "mwakilishi wa upande wa mama", chini yake saini na alama za dole gumba. Hakuna ofisi nyingine inayokupa vizazi viwili au vitatu kwa mkupuo mmoja, tena vikiwa vimeandikwa na wenyewe.

Majalada mengi ya watu wa kawaida yako Mahakama ya Mwanzo ya eneo alikokuwa akiishi marehemu. Mengine yako Mahakama ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi au Mahakama Kuu, kulingana na ukubwa wa mali na sheria iliyotumika. Na kwa mirathi iliyosimamiwa na serikali, yako mikononi mwa Kabidhi Wasii Mkuu, ambaye ndiye mkuu wa RITA. Kwa maneno mengine, jengo lile lile ulilokwenda kutafuta cheti lina mlango mwingine, wa mirathi, ambao watu huupita.

Kumbuka kwamba mwaka wa jalada mara nyingi si mwaka wa kifo. Mzee alifariki mwaka 1962, watoto wakaishi shambani kwa amani, hakuna aliyefikiria mahakama. Mwaka 1998 barabara inapitishwa, fidia inalipwa, na siku hiyo hiyo ukoo unagundua kwamba hakuna msimamizi wa mirathi. Jalada linafunguliwa miaka thelathini na sita baada ya mazishi. Kwa hiyo usimuulize karani "faili la mwaka 1962". Waulize kwanza wazee wako ni lini palitokea mgogoro wa shamba, uuzaji wa nyumba, fidia, au fedha za benki. Ufuate mwaka wa mgogoro.

Jalada lina uongo wake pia, na ni uongo wa aina moja: kuachwa kwa watu. Mtoto wa nje hatajwi, mjane mdogo anaitwa "mzazi mwenza", mabinti walioolewa hawamo. Ndiyo maana, ukiona ndani ya jalada kuna pingamizi, lisome kabla ya kitu kingine chochote. Aliyeachwa amekuja mahakamani kueleza yeye ni nani, mama yake aliolewa lini, nani alikuwepo siku ya mahari. Nasaba iliyokamilika zaidi huwa ndani ya pingamizi.

Walioachwa kabisa na chanzo hiki ni wale wasiokuwa na mali ya kugombewa, na wanawake wa zamani, ambao ardhi haikuandikwa kwa majina yao. Bibi yako mzaa mama aliyefariki miaka ya 1950 hutamkuta mahakamani isipokuwa kama jina tu kwenye jalada la mumewe au kaka yake. Na masjala za mahakama hazifanani: kuna ambako rejesta ya mashauri iko safi, na kuna ambako majalada ya zamani yamerundikwa stoo hayana mpangilio. Omba kwanza uone rejesta, upate namba ya shauri na mwaka. Bila namba hiyo, karani hana pa kuanzia.

Zanzibar na Mwambao

Visiwani mfumo ni tofauti kabisa, usipeleke maombi ya Unguja na Pemba kwa RITA. Anayehusika ni Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2018. Kwa ya zamani, nenda Nyaraka za Taifa pale Kilimani, ambako kuna mafaili ya mahakama na ya wakfu ya enzi ya usultani na ukoloni wa Waingereza. Wakfu una uzito kwa mjenga nasaba kwa sababu mwenye kuweka nyumba au shamba la mikarafuu wakfu alitaja watakaonufaika kizazi baada ya kizazi. Mirathi ya Waislamu nayo ilipitia kwa kadhi, na bado inapitia huko.

Kwa ukoo wa Kiislamu wa Mwambao, Bara na Visiwani, usitegemee msikiti kuwa na rejesta ya vifo kama ya parokia. Maandishi yalikuwa nyumbani: kurasa za mwisho za msahafu, au daftari la mzee, "amefariki mama yetu usiku wa Ijumaa, mwezi saba Rajabu". Ukipata mwaka wa Hijria, usitoe tu tofauti moja kwa miaka yote. Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama kumi na moja, na mara nyingi huangukia ndani ya miaka miwili ya Miladi: mwaka 1354 Hijria, kwa mfano, ulianza Aprili 1935 ukaishia Machi 1936. Pasipo mwezi, andika miaka yote miwili. Makaburi yenye maandishi ya Kiarabu nayo yasomwe kwa utaratibu huo huo. Jumuiya za Waismailia, Waithnaasheri, Wabohora na Wahindu zina kumbukumbu zao wenyewe. Kwa hao anza na ofisi ya jumuiya, hasa Wahindu, ambao hawana kaburi la kutembelea.

Waliokufa vitani na wasiorudi

Kila ukoo wa Tanganyika una mtu "aliyekwenda na Wajerumani" au "aliyechukuliwa kariakoo", yaani upagazi wa jeshi la Waingereza, akapotea. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha ya bure mtandaoni, unayoweza kuitafuta kwa jina, na inahusisha makaburi ya vita ya Dar es Salaam, Tanga, Moshi na Iringa. Kwa askari wa Vita Kuu ya Pili, ijaribu. Kwa mpagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, nisikudanganye. Ripoti ya tume hiyo hiyo ya mwaka 2021 ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam ina maneno ya Kiswahili ya kuwaenzi, haina jina hata moja. Hawa waliandikwa na jeshi kama idadi ya mizigo iliyobebwa, na hili linaniuma kila ninapoulizwa na mtu mwenye babu wa namna hiyo. Kinachobaki ni simulizi la ukoo. Liandike kwa jina la msimuliaji na tarehe uliyomsikia, maana hicho ndicho chanzo.

Kwa vita vya karibu hali ni bora. Askari wa Vita vya Kagera wako Kaboya, wilayani Muleba, na wale waliofia upande wa Msumbiji wako Naliendele, Mtwara.

Kaburi na radio

Kaburi ni chanzo kizuri cha tarehe na kibaya cha kila kitu kingine. Makaburi mengi ya vijijini hayakuwa na maandishi hadi saruji ilipoenea, na msalaba wa saruji unaouona unaweza kuwa umewekwa na wajukuu. Tena kuna suala la mahame. Operesheni Vijiji ya katikati ya miaka ya 1970 iliwatoa watu kwenye maboma yao na kuyaacha makaburi nyuma, kwa hiyo kaburi la babu halipo kijiji mnachokiita cha kwenu, liko kwenye mahame, na anayejua ni mchungaji wa mbuzi au mzee aliyekataa kuhama. Nenda na mzee huyo sasa, uchukue alama ya mahali kwa simu.

Usiudharau mkebe wa karatasi wa bibi. Kwa miaka mingi msiba ulitangazwa Radio Tanzania: fulani wa mahali fulani anasikitika kutangaza kifo cha fulani, habari ziwafikie fulani wa Tabora, fulani wa Tanga. Sauti ile imepotea, lakini rasimu ya tangazo au simu ya maandishi iliyoleta habari hubaki ndani ya mikebe. Ile orodha ya "habari ziwafikie" ni ramani ya ukoo na mahali kila mmoja alipokuwa siku ile.

Ukoo ukivuka kwenda Kenya

Kwa wa Taveta, Vanga, Migori au Nairobi, usajili wa vifo una msingi wa sheria ya mwaka 1928, na kifo cha nyumbani hupitia kwa naibu wa chifu, ambaye mara nyingi ndiye anayejua zaidi kuliko rejesta. Lakini Kenya inaishinda Tanzania kwa jambo moja: Gazeti Rasmi la Serikali. Matangazo ya mirathi humo hutaja jina la marehemu, alikokuwa akiishi, mahali na tarehe ya kifo, na jina la mwombaji, na matoleo ya miaka mingi yanaweza kutafutwa kwa neno mtandaoni bila malipo. Ukiwa na jina lisilo la kawaida, unaweza kupata kifo cha ndugu ukiwa umekaa nyumbani. Mitandao mikubwa ya nasaba ya ng'ambo haikufikishi hapo. Imejengwa juu ya rejesta za Ulaya na Marekani.

Basi uanze wapi?

Kama alifia hospitalini au mjini kuanzia miaka ya 1980, anza na msajili, na umfuate alikofia. Kama alikuwa Mkristo wa eneo la misheni na alifariki kabla ya uhuru, anza na kitabu cha parokia au usharika, na ukimkosa kati ya waliofariki, pekua ubatizo wa mahututi. Kama aliacha ardhi, nyumba, au mafao ya reli, bandari au shamba la mkonge, anza mahakamani, hata kama tayari una cheti. Kama alikuwa Mwislamu wa Mwambao, anza na daftari la nyumbani, kisha kadhi na wakfu. Kama unamtafuta mwanamke, mtafute kupitia kwa mwanawe au kaka yake, na uipe parokia nafasi ya kwanza, kwa sababu ndiyo iliyomwandika kama mtu mwenye jina lake.

Vyanzo vikigongana, na vitagongana, mimi nakipa kila kimoja haki ya kile kilichokihitaji. Tarehe naichukua kwa aliyeandika karibu zaidi na mazishi, na mara nyingi huyo ni padre. Sababu ya kifo naichukua hospitalini. Warithi nawachukua mahakamani, nikiongeza waliomo kwenye pingamizi. Umri siuchukui popote: "miaka 90" kwenye cheti, parokiani na kaburini huweza kuwa kadirio la mtu mmoja lililonakiliwa mara tatu. Umri naupima kwa mambo aliyoyashuhudia, kama alikuwa ameshaota ndevu wakati wa Majimaji, au alikuwa mgongoni kwa mama wakati wa njaa ya Mtunya kule Ugogo mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza. Na kila unachonakili, andika pembeni jina la kitabu, ukurasa, namba ya mstari au namba ya shauri, na siku uliyokiona, ili mpwa wako atakayeendeleza kazi hii asilazimike kumsumbua karani yule yule kwa swali lile lile.